Kigae cha Mlangoni kwa Baba

Fundi vigae huyu aliamini masikio yake kuliko macho. Akiitwa kukagua sakafu ya mtu hakuhangaika kuitazama. Aligeuza mwiko wake, akagonga kigae kimoja kimoja kwa mpini, akasikiliza. Kigae kilicholala vizuri kwenye saruji hutoa sauti nzito, fupi. Kilichoachiwa uwazi chini yake hulia kitupu, na hicho kitapasuka tu, kama si leo basi mwakani. Vijana wake wa kazi walimtania kwamba hata godoro hulilalia baada ya kuligonga kwanza.

Sasa ingia nyumbani kwake uone. Korido aliitandika kwa mabaki ya kazi za watu: vya buluu vilitoka bafuni kwa daktari, vya kahawia kwenye benki, vyeupe kwenye duka la dawa. Na kile cheupe cha mwisho kabisa, mbele ya mlango wa chumba chake mwenyewe, kilikuwa kitupu. Alikijua tangu siku alipokiweka. Mkewe alisema mpaka akachoka. "Nitakishughulikia kesho," Fundi alijibu kila mara, na hiyo kesho yake haikuwa na haya hata kidogo.

Mtoto wao wa pekee walimwita Kasuku, kwa sababu ya mdomo. Alianza kuongea mapema na hakuwahi kupumzika tangu hapo. Ni yeye aliyemganda mjomba wake, dereva wa lori mwenye kibali cha kuwinda na bunduki mbili, mpaka mjomba akainua mikono na kukubali kumchukua mawindoni likizo ile. Alifundishwa kulenga makopo, akayaangusha vizuri tu. Fundi naye alifunga safari. Baba gani atamwacha binti aende porini na bunduki, yeye abaki nyumbani anakunywa chai?

Walirudi na nyama, na Kasuku aliyerudi hakuwa na neno la kusema.

Habari iliyojulikana na kila mtu ni hii. Kasuku alilenga swala dume mwenye pembe, maana kibali kiliruhusu dume tu. Akafyatua. Dume alitokomea, na aliyeanguka kwenye majani alikuwa jike aliyesimama nyuma yake. Mjomba, aliyekuwa amerudi garini kufuata maji, alifika akihema. Alipompasua, alikuta ndani kitoto kilichokwisha ota manyoya. "Ah, Kasuku," alisema, "umeua wawili kwa mpigo." Hakusema kwa ubaya, ila mtu yule hajaliwa kuchagua maneno. Kasuku alikitazama kile kitoto, miguu imekunjwa, kwato laini kama sabuni iliyolowa. Tangu pale mdomo ukafungwa.

Nyumbani, wa kwanza kulalamika alikuwa mama yake, naye alianzia kwenye ufagio. Kila akifagia korido alikuta mbegu za majani, zile zenye vimiiba vinavyonata nguoni ukipita porini.

"Baba Kasuku, hebu vioshe hivyo viatu vyako."

Viatu vilioshwa, vikaanikwa, vikapandishwa juu ya kabati. Mbegu hazikukoma. Wala hazikutapakaa korido nzima. Nyingi zilikuwa kule mwisho, kwenye kigae cheupe.

Kisha Kasuku akaanza kusogeza kitanda chake mlangoni. Tena mchana kweupe, zile saa jua linapokuwa kali na mtaa mzima umejilaza. Mama alipomuuliza, alijibu maneno machache, yeye aliyekuwa hajui machache ni nini: "Yuko koridoni. Anatembea." Wakampeleka zahanati, wakarudi na vidonge. Nyama hakuigusa, halafu akaacha na chakula kingine. Nguo zikampwaya mwilini. Mama yake akaanza kulia jikoni, akisingizia moshi, na jiko lenyewe lilikuwa la gesi.

"Ni paka tu huyo," Fundi alisema. "Paka wa jirani." Akachukua kazi za mbali, arudi jua likizama.

Hakuamini habari ya paka hata chembe, kwa sababu kulikuwa na jambo alilokuwa amelikalia. Kwenye ndoo ya vifaa vyake kulikuwa na kopo la vile vimisalaba vya plastiki vinavyowekwa kati ya kigae na kigae, na chini ya vimisalaba hivyo alificha ganda la risasi. Siku ile, nyuma ya binti yake, yeye alikuwa ameshika bunduki ya pili. Alitaka Kasuku asikose. Aliwaza: akifyatua, na mimi nifyatue papo hapo, dume aanguke, mtoto arudi kifua mbele. Milio miwili ikawa mmoja. Lakini mkono wake ulizoea mwiko. Aliona kabisa vumbi likiruka kwenye kichuguu, pale risasi ya Kasuku ilipogonga, na akamwona jike akipiga magoti kwa ile yake. Aliokota ganda, akalitia mfukoni. Mjomba alipokuja na neno lake la wawili kwa mpigo, Fundi alifungua kinywa aseme. Akakohoa.

Siku moja saruji ilimwishia kazini, akarudi mchana. Mkewe alikuwa uani anafua. Alijitupa kitandani, na usingizi haujamchukua akasikia mtu anaingia koridoni.

Hakusikia mlango wa mbele kufunguliwa. Alisikia hatua tu: nyepesi, ngumu, zisizo na haraka. Sakafu ile aliitandika kwa mikono yake, na sauti ya kila kigae aliijua kama anavyojua kikohozi cha mkewe. Vya buluu vikapita. Vya kahawia vikapita, pale mbele ya mlango wa Kasuku. Vyeupe vikaanza. Kisha kile cha mwisho kikalia, kitupu, na kimya kikaingia. Harufu ya majani mabichi ikapenya chini ya mlango.

Ndipo akasikia sauti ya binti yake kutoka chumba kile kingine, ndogo, ya mtu aliyechoka.

"Nisamehe. Nililenga dume, mkono ukanicheza. Nisamehe mimi, na mtoto wako anisamehe. Tafadhali nenda."

Na baba huyu alifanya nini? Alijifunika mto kichwani. Kesho yake akarudi tena mchana, akajidanganya kwamba alisahau futi kamba. Akasikia hatua zilezile, kigae kilekile, na mtoto akiomba msamaha wa kosa la mtu mwingine, mwenye kosa akiwa kalala upande wa pili wa ukuta. Zamu hii mto aliutupa sakafuni.

Kulipotulia alitoka na ndoo yake. Koridoni hapakuwa na mtu. Alipiga magoti penye kigae cheupe, akapangusa mbegu, akaanza kukibandua. Mlango wa Kasuku ukafunguka kidogo.

"Baba, usikitengeneze. Tutajuaje kama amefika?"

"Njoo ukae hapa, mwanangu."

Alikuja, akakaa na mgongo ukutani, magoti kidevuni. Fundi alimimina kopo sakafuni. Vimisalaba vilitawanyika, na ganda likaviringika mpaka kwenye vidole vya miguu ya binti.

"Lako hilo?" Kasuku aliuliza.

"Langu. La siku ile. Risasi yako ilipiga kichuguu, niliona kwa macho yangu. Jike nilimuua mimi. Nikanyamaza, ukabeba wewe."

Kasuku aliligeuza ganda mkononi. Alikaa nalo mpaka Fundi akatamani apigwe nalo.

"Na ulikuwa unanisikia nikimwomba?"

"Nilikusikia."

"Leo?"

"Leo na jana."

"Na jana ukalala tu." Machozi yalimtoka, na hasira nayo ikatoka. "Baba, mimi nilikuwa nakufa! Wewe umelala tu!"

Fundi alilia pia, mikono imejaa vumbi la saruji, asiweze hata kujipangusa. Baadaye Kasuku alifuta pua kwa mkono wa gauni, akatazama urefu wa korido, tangu mlango wa mbele hadi pale walipokaa.

"Ndiyo maana," alisema polepole. "Nilikuwa nashangaa. Mlango wangu anaufikia kwanza, lakini anaupita. Kila siku anaupita, anakuja kusimama hapa kwako. Nilidhani amepotea."

Akainuka, akaenda uani kwa mama yake, akaomba chakula.

Jioni ile Fundi alimwambia mkewe yote, na mkewe hakusema naye mpaka kesho yake. Alimpigia shemeji yake pia, yule dereva wa lori, naye akakata simu. Aliyastahili. Kile kigae alikijaza saruji hadi pembeni, akakipiga kwa nyundo ya mpira, akakigonga kwa mpini wa mwiko. Kikatoa sauti nzito, fupi. Alikiacha kikauke, kisha akakikanyaga kwa uzito wake wote. Hakikutikisika.

Mchana uliofuata alibaki nyumbani. Kasuku alikuwa uani akimsimulia mama yake jambo refu lisilo na mwisho, kama zamani, na mama akimwambia ale kwanza. Fundi aliketi kitandani akisikiliza sauti ile, moyo ukimlainika.

Vya buluu vikapita. Vya kahawia vikapita bila kusita. Vyeupe vikaanza, na kile cha mwisho, alichokijaza mwenyewe, kikalia kitupu.

Fundi alivua kofia, akaiweka magotini.

"Karibu," alisema. "Ni mimi."

Kitasa kikaanza kushuka.