Aliitupa vepu ya binti yake, sigara zikabaki dukani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kokushubila Fransis (43) ameshaifuta meza ile ile mara tatu. Kibanda chake cha Charambe, Mbagala, kina sukari, sabuni na mafuta ya kupima. Anakaa, anasimama, anachungulia barabara wanayopita wanafunzi.

Fundi ujenzi mmoja anaweka sarafu mezani. "Mama, nipe sigara moja."

"Siuzi."

"Zimeisha?"

"Hazijaisha, baba. Nimeacha kuuza."

Fundi anaokota sarafu zake na kuvuka kwenda kibanda cha pili. Kokushubila anamsindikiza kwa macho.

"Huyo alikuwaga anachukua na mkate," anasema. "Zamani nilipata faida ya elfu kumi na tano kwa siku. Sasa hivi elfu nane nikibahatika."

Mjane huyo, mzaliwa wa Muleba, amelea watoto wawili kwa kibanda hicho kwa miaka tisa. Sigara za kuuza moja moja ndizo zilizokuwa zikimletea wateja.

Machi mwaka jana, akifua sare ya binti yake, wakati huo mwenye miaka 16, alikuta mfukoni kitu cha plastiki kinachonukia embe. "Nilidhani lipshaini. Nikakinusa, nikakipenda hata."

Alipouliza, binti akaangua kilio. Ilikuwa sigara ya kielektroniki, ambayo wanafunzi wanaiita vepu. Wasichana wanne walichangishana shilingi elfu ishirini na tano kuinunua.

"Nilimchapa, sikufichi. Halafu nikaitumbukiza chooni. Nikajua nimemaliza."

Hakuwa amemaliza. Kwa wiki kadhaa nyumba haikukalika. Binti alikosa usingizi, akawa mtu wa kufoka, masomo hayamwingii. Kisha ghafla akatulia, tena akawa na bidii: kila jioni alijitolea kukaa dukani ili mama apike. Kokushubila akamshukuru Mungu.

Jioni moja ya Juni mwaka huo huo alirudi kuchukua chumvi. Akamkuta nyuma ya kibanda, sigara inawaka vidoleni.

"Nikamwambia, mwanangu, na hii umefundishwa na nani? Akanijibu, 'Mama, ile uliitupa. Nyingine sina hela ya kununua. Hizi zipo hapa hapa.'"

Kokushubila anasimama tena, anapanga sabuni ambazo tayari zimepangwa. "Zipo hapa hapa. Kwenye boksi langu mie."

Kesho yake alirudisha paketi zote kwa muuzaji wa jumla, akakubali hasara, kisha akamshika binti mkono hadi zahanati.

"Alitaka nimwambie kama vepu ndiyo iliyompeleka mtoto kwenye sigara," anasema Wilbert, muuguzi aliyewapokea. "Kwa kila mtoto siwezi kuapa. Wapo wanaoiacha na hawagusi kitu tena, na wapo ambao wangevuta sigara hata bila vepu. Lakini nikotini ni ile ile. Mwili ukishaizoea unaidai, haujali inakuja na harufu ya embe au na moshi."

Binti anaenda kupata ushauri kila Jumamosi. Tangu Juni ameteleza mara mbili. Anakubali kuzungumza, ila jina lake lisiandikwe.

"Vepu sikuiona kama kuvuta, niliiona kama pipi," anasema. "Sigara ya kwanza ilinichoma koo, lakini kichwa kikatulia. Hapo ndipo nikaogopa."

Kokushubila amezunguka vibanda vitano vya mtaa wake akiwaomba wenye navyo wasiwauzie wanafunzi. Wawili wamekubali. Mmoja alimjibu, "Dada, nami nina watoto wa kulisha." Hata yeye, anasema, angesema hivyo hivyo mwaka juzi.

Mwezi ujao anapanga kuanza kuuza uji na vitumbua asubuhi, kuziba pengo la sigara. Novemba binti anafanya mtihani wa kidato cha nne.

"Watu wananiuliza, ameacha? Sijui," anasema, macho yakiwa barabarani. "Ninachoomba, akitamani tena, aje kwangu kabla hajaenda kwa jirani. Jumatatu alikuja."