Yusufu Nyumbani kwa Mama Nyibol

Hadi leo, nikinusa unga wa ngano uliokorogwa kwa maji moto, sikumbuki chapati. Nakumbuka Biblia. Gundi ya unga ndiyo iliyoshikilia majalada ya Biblia yetu ya Kakuma, majalada yaliyokatwa kwenye maboksi ya mafuta ya kupikia.

Baba, karani wa serikali, alihamishwa kutoka Lodwar kuja Kakuma miaka ya tisini, nikiwa darasa la tano. Kwetu hakuna aliyeonja chai ya asubuhi kabla ya sura moja kusomwa. Kanisani Biblia za Kiswahili zilikuwa haba, kwa hiyo mwinjilisti wetu, Mturkana mcheshi, aliikata moja kuukuu vipande vipande ili kila familia ipate chake, tubadilishane Jumapili. Alikata kwa kufuata unene. Basi kipande chetu kiliishia pale Yusufu amekwisha kuuzwa, kanzu yake imechovywa katika damu ya mbuzi, na baba yake, Yakobo, anamlilia akidhani amekufa.

Sikulala vizuri wiki nzima. Baba alikataa kunihadithia yaliyofuata. Alisema Neno husomwa, si umbea.

Kipande kilichofuata kilikuwa kwa Mama Nyibol, mkimbizi kutoka Sudan aliyeuza vitunguu kambini. Jumapili tatu hakukirudisha. Mama yangu alikuwa ameninong'oneza kwamba mwana wa kwanza wa Mama Nyibol, Deng, alipotea njiani walipokimbia vita, na kwamba nisithubutu kumuuliza. Nilipomlalamikia mwinjilisti, alicheka.

“Yeye hajui kusoma. Wewe enda, somea yeye.”

Nikaenda kila siku baada ya shule. Yeye alimenya vitunguu, mimi nilisoma sura moja, macho yakiniwasha. Yusufu akafungwa, akatoka, akawa mkubwa Misri, nduguze wakaja kununua chakula wasimtambue. Tulipomaliza sura ya arobaini na nne, nikiwa nimebana pumzi, Mama Nyibol alifuta mikono.

“Bas. Kesho rudia ile ya kanzu.”

Nikadhani amechanganyikiwa. Nilikuja na kile kipande chetu, tukarudia yote, tukafika palepale, akanirudisha tena. Mara ya tatu uvumilivu ulinishinda. Alipokwenda kumpimia mteja vitunguu, nilifungua sura ya arobaini na tano nikaisoma haraka kama mwizi, kisha nikamkimbilia nikimwambia kwamba Yusufu yuko hai, na baba yake amepata habari.

Hakunigombeza. Alinifuta vumbi usoni kwa ncha ya kitambaa chake.

“Mimi najua, binti yangu. Hii nilisikia kanisa ya kwetu, wewe hujazaliwa. Lakini Yakobo bado hajui. Mimi nakaa na yeye kwanza.”

Nilimwitikia tu, maana sikuelewa. Kesho yake nilirudi, nikamsomea ile ya kanzu.

Sasa nina watoto wangu, na bado nasoma sura moja kabla ya chai. Zamani nilisoma ili nijue mwisho, nikadhani huko ndiko kukua katika imani. Mama Nyibol aliujua mwisho na aliuamini. Alichokosa ni mtu wa kungoja naye, mzazi mwenzake ambaye hajaletewa habari, na alimpata katika zile sura nilizokuwa nikizikimbilia. Naona haya hadi leo nikikumbuka nilivyomkimbilia, nikitweta kwa furaha, na habari njema ya mtoto wa mwenzake.