Mama Nyavu na Kamba ya Chini ya Barafu

Jamani, kamba ilivutwa! Mama Nyavu mwenyewe hakuamini. Tulieni niwape mkanda mzima.

Ziwa la kwao, huko kaskazini ya mbali, ni kubwa, ng'ambo huioni, na baridi ikikolea linaganda mpaka gari linapita juu. Samaki wako chini, kwa hiyo nyavu nazo zinapita chini. Unatoboa tundu, unazamisha ubao wenye kamba na wenzo wa chuma; kamba ikivutwa, wenzo unakwaruza barafu na kuusukuma ubao mbele. Mmoja anabaki tunduni, anavuta na kuachia, na kila akivuta ubao unasogea huko chini ukigonga barafu, ko, ko. Mwenzake anaufuata juu kwa masikio, ukishafika mbali anatoboa tundu la pili autoe, kamba ivute nyavu. Kazi ya watu wawili, haina ujanja.

Mama Nyavu ndiye alikuwa sikio. Mkono alikuwa mumewe, na mumewe walimzika kabla ya baridi kuanza. Mpaka leo anapika sufuria ya watu wawili, anakula mpaka kesho yake. Binti yake kapiga simu mpaka kachoka: uza nyavu mama, njoo ukae na wajukuu. Mwisho akakubali, leo zisipoingia majini, anafungasha.

Basi akavuta, akakimbia kusikiliza. Kimya, maana nani anavuta? Akarudi, akavuta, akakimbia tena. Huko pembeni Kobe, mvuvi aliyenuniana na marehemu kwa kugombania sehemu ya kutega, anamwangalia tu kutoka kibandani kwake.

Akachoka. Akalala kifudifudi, sikio kwenye barafu, na mazoea yana taabu, akajikuta anasema kwa sauti, "Vuta, mume wangu."

Ko.

Akadhani masikio yanamcheza shere. Ko, ko. Kuinua kichwa, Kobe yuko tunduni, kamba mkononi.

"Mumeo siyo mimi, shemeji," akasema. "Ila mkono ninao."

"Basi vuta, maneno baadaye."

Wakazitega zote. Hakuna aliyeomba radhi. Kobe akafuta pua, akarudi kwake.

Mama Nyavu akampigia binti: zimeingia, nabaki. Binti akauliza, sasa utakuwa unaongea na nani huko? Akasema mtandao unasumbua, akakata. Akakaa juu ya sanduku la samaki, barafu nyeupe pande zote, upepo tu.

Ukiisoma hii, mtumie na mwenzio.