Bega la Kushoto

Kwa miaka kumi na tisa alisimama na bunduki kwenye mlango wa benki, na watu walimwita Sanamu. Hakuwahi kufyatua risasi hata moja pale mlangoni. Wezi wa benki ile walikuwa ndani, wamevaa tai, na hao hawakuwa jukumu lake. Risasi alizipiga mara moja tu kwa mwaka, kwenye uwanja wa mazoezi wa kampuni ya ulinzi: tano, kwa umbali wa hatua hamsini. Aliyekosa zaidi ya mbili hakurudi mlangoni.

Mwaka huu jicho lake la kulia lilikuwa limeota mtoto wa jicho. Shabaha iliyokuwa duara jeusi sasa ilikuwa moshi. Kazi ikiota mbawa, binti yake, aliyebakiza mwaka mmoja chuoni, angerudi nyumbani nusu mhandisi. Kwa hiyo hakumwambia mtu. Mkewe aligundua mwenyewe, siku alipomwona anamimina chai pembeni ya kikombe.

"Si utumie la kushoto?"

"Bunduki si kijiko, mama. Ukihamisha jicho, unahamisha mwili mzima."

"Na mimi nashona nini kila siku? Si miili ya watu?"

Alikuwa fundi cherehani. Jumapili hiyo aliisukuma meza ya kukatia vitambaa hadi ukutani, akampa mumewe ubao wenye urefu wa bunduki, kisha akamzunguka na pini mdomoni kama anayempima mteja mbishi. Sanamu alisimama wima, miguu pamoja, shingo imelala kuufuata ubao.

"Nani kakufundisha kusimama hivyo?"

"Mlango."

Akachora chaki sakafuni: mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma, upana wa mabega. "Kunja magoti kidogo. Kidogo, nimesema, huchoti maji." Akamsukuma kifua kielekee mbele. Akakishusha kiwiko cha kushoto, kilichonyanyuka kama bawa la kuku. Kisha akapapasa mpaka akapata kishimo kati ya bega na kifua, akakitia alama juu ya fulana.

"Kitako cha bunduki kikae hapa, si juu ya mfupa. Na acha kuufuata ubao kwa shingo, lete ubao shavuni. Huo mkono wa mbele ubebe tu. Unamkaba nani?"

"Naogopa ubao utadondoka."

"Fumba macho. Vuta pumzi, shusha. Fumbua. Ubao unatazama wapi?"

"Dirisha la jirani."

"Basi sogeza miguu, usisogeze mikono. Ukilazimisha mikono, itarudi inakotaka."

Wiki sita, kila jioni kabla ya chakula. Jirani alianza kufunga pazia mapema.

Siku ya mtihani, walinzi wenzake walipoona ameweka kitako kushoto, waliangua kicheko. "Mzee, leo umevaa bunduki kinyume!" Sanamu alifumba macho, akafumbua, akasogeza mguu wa nyuma kidogo sana, akapiga. Risasi zote tano ziliingia mahali panapofunikwa na kisosi.

Mkufunzi, mwanajeshi mstaafu asiyependa maajabu, aliichomoa karatasi ya shabaha.

"Miaka yote umepiga kulia, Mzee. Tatu kati ya tano, kama saa."

"Nilitaka kujaribu, afande."

"Mtu wa miaka hamsini na nne hajaribu bega. Ziba jicho la kushoto. Lile boksi la risasi limeandikwa namba gani?"

Sanamu alitaja namba aliyoizoea kila mwaka. Boksi lilikuwa jipya, lenye namba nyingine.

Mkufunzi akaandika "tano kati ya tano", na chini yake mstari mwingine, mrefu zaidi, kuhusu jicho la kulia.

"Nani kakufundisha kusimama hivi?"

"Mke wangu. Fundi cherehani."

"Mwambie sijaona kazi safi kama hii." Alipiga mhuri. "Bunduki iache mezani. Sare uirudishe Ijumaa, iwe imefuliwa."