Mgongo wa Felisian

Mimi nikiona jambo nisilolielewa, chakula hakishuki. Ndiyo maana Felisian alinisumbua wiki ile. Yeye ndiye mkali wa kisu katika kiwanda chetu cha minofu hapa Musoma, kiwanda cha wageni, na ghafla alianza kuipa meza mgongo, akawa anakata sangara juu ya kreti.

Nilidhani anaumwa. Kisha nikadhani kagombana na mtu. Nilipomuuliza, alitazama mabuti yake.

Meneja, mgeni aliyeletwa na wenye kampuni, hakuwa na subira. Alimwona kupitia kioo cha ofisini, akashuka, akaniita, "Jenipher," nimtafsirie: kreti ni chafu, ageukie meza au aende nyumbani asirudi tena. Felisian ana watoto, na kazi ya mshahara haiokotwi. Nilimsihi aseme chochote. Alizidi kuinamia kreti, akaendelea kukata. Nilimwonea huruma, na bado udadisi uliniwasha.

Ndipo mama mpya wa kung'oa miiba, Yunis wa Bukima, akasogea kutoka upande wa pili wa meza. Alivaa kofia na barakoa kama sisi wote, macho tu yanaonekana.

"Huyo kaoa binti yangu," aliniambia. "Hawezi kunitazama, na jina langu hawezagi kulitaja. Sasa angekwambiaje?"

Nilijiona mjinga. Mimi mtoto wa Butiama, baba yangu alikuwa akizunguka nyuma ya zizi kumkwepa bibi mzaa mama, na hilo sikuliona. Nilitafsiri. Meneja aliuliza maswali mengi, mwisho akataka kujua kama barakoa haitoshi. Felisian akatikisa kichwa. Basi mmoja ahame, alisema meneja, ila nafasi iliyopo ni ya chumba cha barafu.

"Niende mimi," alisema Yunis. "Kisu ni chake."

Kesho yake Felisian aligeukia meza, akakata kutwa nzima.

Jumatatu Yunis alipita mezani petu akielekea chumba cha barafu, amevaa koti zito, jipya, lenye manyoya ndani. Nikamuuliza kalitoa wapi. Akasema kaletewa na binti yake. Binti huyo namfahamu, hana kazi. Nikamtafuta Felisian kwa macho. Alikuwa ameshatugeuzia mgongo, na meneja, aliyesimama pembeni yake, alimwacha.