Prizi ya Tano

Dola arobaini na nane. Prizi nne za umeme thelathini na mbili, fundi kumi, waya wa kushuka ardhini sita. Nimehesabu mara mbili, nawe hesabu ukitaka, maana katika kisa hiki bei ndiyo kitu pekee ambacho watu hawaniulizi kama ni kweli. Mengine wanacheka. Wacheke. Mimi nilikuwepo.

Nakaa mtaa wa Mabanga, kwenye parseli, kiwanja kimoja na jamaa mbili zingine, na konteri moja, mita ya umeme, kwa wote. Mimi nina kongelateri, friza ya samaki ninaowatoa bandari ya Kituku. Mama Kavira ana resho, lile jiko la umeme, na Papa Salumu ana resho yake. Konteri yetu inavumilia amperi kumi na tano. Ya kumi na sita haiisamehe. Kila siku saa moja ya jioni, watu wakipika, tap, giza. Na nani anashtakiwa? Resho zinavuta saba kila moja, kongelateri inavuta mbili, lakini aliyeleta chombo mwisho ndiye mwizi. Si unajua.

Kwenye kikao cha parseli Papa Salumu akasema kwa upole wake wote, "Mama Samaki, weye hatukufukuze. Kongelateri tu ndiyo itahama." Wakanipa nafasi tatu. Giza likianguka mara tatu tena, samaki wangu watafute kwingine. Na kongelateri hiyo ndiyo inayolipa shule ya watoto wangu wote.

Basi nikanunua prizi za akili, zile unazoziamuru kwa simu. Muuzaji alitaka dola kumi na mbili kwa kila moja. Tuliachana kwa nane, yeye akiwa na uso wa msiba. Mpango ulikuwa rahisi. Resho mbili zikiwaka, kongelateri inapumzika yenyewe, zikizimika, inaamka. Ikiwa imejaa barafu na hakuna anayeifungua ili ajipepee, saa mbili hazimdhuru samaki. Prizi ya nne ilikuwa ya birika la Papa Salumu, nalo haliruhusiwi kuwaka kabla resho hazijamaliza.

Fundi akasema lazima waya mmoja uingie ardhini. Ardhi gani, hapa kwetu ni lava tupu. Akaona ufa kwenye sakafu ya jiko langu, akateremsha waya mita moja, mbili, tatu, mpaka ukagusa kitu. "Mabati," akasema. "Nyumba ya zamani. Lava iliifunika." Tukaweka jiwe juu, nikamlipa. Hilo ndilo kosa langu: hatukubisha hodi.

Jioni ya kwanza, giza. Ya pili, giza. Ya tatu nilikaa jikoni, simu mkononi. Resho ya Mama Kavira ilikuwa inawaka. Papa Salumu alikuwa bado anamenya viazi. Simu ikaonyesha prizi tano. Nikahesabu za kweli, chumba kwa chumba: nne. Nikahesabu tena: nne. Ya tano iliitwa "Pasi", jina ambalo sikuliandika mimi, nayo ilikuwa inavuta amperi tano. Saba na tano, kumi na mbili, na mbili za kongelateri, kumi na nne. Papa Salumu akiwasha, hata kongelateri ikipumzika, ni kumi na tisa, na mimi nimekwisha.

Nikaizima kwa kidole.

Niamini, jiwe lilisogea lenyewe. Sikuona alivyopanda; niliona tu mwanamke amesimama, majivu mpaka magotini, pasi mkononi, gauni jeupe begani, nusu limenyooka, nusu lina mikunjo.

"Nani amekata umeme yangu?"

Wewe ungekimbia. Mimi mgongo wangu ulikuwa umeegemea kongelateri, na sikuona nitaibebaje.

"Ni mimi, mama. Na weye ni nani?"

"Mwenye nyumba. Ile ya chini. Nilikuwa napiga pasi gauni ya misa, lava ikakuja. Mulipoteremsha waya nikasema, kumbe watu wa juu wanatufikiriaka."

"Uliomba?"

"Weye ulibisha hodi?"

Hapo alinishinda, nakiri. Joto lake lilinipiga uso kama mlango wa tanuru. Lakini mutu anayebishana ni mutu wa kupatana bei, awe hai, awe nini. Akataka saa moja mpaka saa mbili ya jioni. Nikampa saa kumi ya alfajiri. Akasema ninamunyanyasa mukubwa.

"Mama, kule chini kuna usiku?"

"Hakuna."

"Kuna muchana?"

"Hakuna."

"Sasa saa kumi inakuuma wapi?"

Akacheka kidogo, na kicheko kikatoka na moshi. "Weye ulizaliwa sokoni."

Tukaafikiana: saa kumi mpaka kumi na moja, pasi tu, na resho asilete. Nikaandika ratiba kwenye simu mbele yake. Akagusa kioo kuhakikisha. Alama ya kidole chake ipo mpaka leo, imeyeyuka kidogo, njoo nikuonyeshe. Nyuma ya ukuta nikasikia Papa Salumu anawasha resho. Saba na saba. Nikafunga macho. Nilipoyafungua, taa ilikuwa inawaka, na jiwe lilikuwa mahali pake.

Giza halikuanguka tena. Kikao kilichofuata Papa Salumu mwenyewe alisimama. "Kongelateri ibaki. Na Mama Samaki atupangie hata televizyo." Mama Kavira akaninong'oneza, "Ulitumia dawa gani?" Nikamwambia, hesabu. Sikuongopa.

Kila alfajiri prizi ya tano iliwaka, sakafu ikapata joto, jiko likanuka kitambaa kilichonyooshwa. Jumapili moja haikuwaka. Kwenye misa ya kwanza nilimwona kiti cha nyuma, gauni halina mkunjo hata mmoja. Akaniinamishia kichwa kama mteja aliyeridhika. Nilipogeuka kutoka komunyo, kiti kilikuwa kitupu, na mbao zake bado zina joto.

Nikadhani yamekwisha. Jumatatu simu ikaonyesha prizi kumi. Tano mpya: "Redio", "Taa ya mutoto", na kadhalika. Mwenye pasi amewaambia majirani zake wa chini, jamaa tano. Nimewapangia zamu zote kabla ya mapambazuko, na hakuna hata mmoja anayegusa saa moja ya jioni. Wana adabu kuliko sisi wa juu.

Basi wewe unayekaa juu ya lava, usiteremshe waya kwenye ufa bila kugonga kwanza, ukasema shida yako na saa zako. Na kama unajua biashara kunipita, nishauri. Dola arobaini na nane kwa jamaa tatu za juu ni kumi na sita kila moja. Tukiongeza tano mpya za chini, bila mwenye pasi aliyemaliza kazi yake, ni sita tu. Nimehesabu mara mbili, na Mama Kavira na Papa Salumu wamekubali sita zao. Kilichobaki ni kimoja: nani anashuka kukusanya?