Kuni za Balozi

Miaka ile Karatu kuni hazikupimwa kwa mizani. Zilipimwa kwa kifua. Mkokoteni ukifika kutoka Qurus, muuzaji alichomeka vijiti viwili uani kwako, akapanga kuni katikati yake, nawe ukasimama kando ya rundo. Likikufika kifuani, unasema "nimepokea", na ukishalitamka hilo huna tena mdomo, hata kama ulichopokea ni majani ya mgomba.

Ugomvi ulikuwa juu ya kifua cha nani. Wauzaji walipenda sana wanawake wafupi, waliwaita wateja wazuri. Kwa hiyo kila ukoo ulitafuta mtu wake mrefu wa kupokelea kuni, na ukoo wetu ulikuwa na shangazi. Urefu wake ulichelewesha posa zake zote alipokuwa msichana, lakini utu uzima ulipofika akawa mtu wa kugombewa. Majirani walikuja kumwazima. Alikwenda, akasimama wima kando ya rundo la watu, akarudi na ngano kidogo kwenye pindo la kanga. Sijapata kuona mtu anayejivunia kiasi kile kitu ambacho hakukitolea jasho.

Muuza kuni wetu ndiye aliyekuwa pia balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya upole, na alisema "ndugu wananchi" hata alipozungumza na mtu mmoja. Ukigombana na jirani, ulikwenda kwake. Mbuzi wako akila mahindi ya mtu, mliitwa kwake. Wazee walimsifu kwa kuwa hakukasirika kamwe, nami nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba hakuwahi kuwa na sababu ya kukasirika.

Dada yangu alipochumbiwa na watu wa Mbulu, mama aliingiwa na homa. Wakwe wale walijulikana kwa kula vizuri na kusema vibaya. Kulikuwa na mke mmoja katika ukoo wao ambaye kwa wazazi wake, siku ya harusi, nyama ilitolewa haijaiva. Alikuwa sasa na wajukuu na bado waliulizana mbele yake kama moto umegunduliwa huko kwao. Mama alilijua hilo, na hakutaka mwanawe azeeke akiulizwa swali kama hilo. Kwa hiyo aliagiza kuni nyingi kuliko alivyowahi kuagiza maishani mwake.

Zilipofika, shangazi alikwisha vaa kanga mpya. Balozi alitaka kupanga upande wa mgombani, ambako ardhi inateremka, ili shangazi asimame bondeni. Shangazi akamtazama tu, naye akahamisha vijiti. Kisha akamtaka avue viatu.

"Kifua changu hakivai viatu," shangazi akasema.

"Ndugu wananchi, haki ni haki."

Wakabishana juu ya viatu mpaka majirani wakajaa uani. Mwishowe shangazi alivua, lakini balozi akajifanya ndiye aliyeshindwa, akaongeza safu nzima juu kwa hiari yake, akafuta jasho. Shangazi akasogea, rundo likampita kifua likamgusa kidevu. "Nimepokea," akasema, na wanawake wakapiga vigelegele. Tulikuwa tumeshinda. Hakuna hata mmoja wetu aliyetia mkono katikati.

Aliyetia kichwa alikuwa kuku. Kesho yake, siku ya kuamkia harusi, tulimsikia mtetea wetu akilia ndani ya rundo. Alikuwa ameingia kwa nyuma na kupata chumba cha kutagia, chenye nafasi ya kugeuka. Mama akaanza kuchomoa kuni. Nje kulikuwa na mgunga mkavu, kuni nzuri za kutamanisha. Ndani kulikuwa na matawi yaliyopinda viwiko, yamepandanishwa kwa ustadi ili yashikilie hewa, na magogo ya mkaratusi yaliyokatwa juzi, bado yanatoka maji. Tulipozipanga upya, zilimfika shangazi magotini.

"Lakini urefu ulikuwa sawa," shangazi akasema. Nilimpenda sana shangazi yangu, na siku ile nilitamani kumrukia.

Tuliutia mkaratusi mafigani, na makande yakakaa saa nyingi katika moshi yakitoa povu bila kuchemka. Mama alifuta macho, akajifunga kanga, akaenda kwa balozi. Nilimfuata. Balozi alitukaribisha barazani, akatupa viti, akasikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa kwa huzuni.

"Mama, malalamiko yako nimeyasikia," akasema. "Ni mazito. Nitamfikishia mhusika."

"Mhusika ni wewe, balozi."

"Mimi hapa nakusikiliza kama balozi. Mambo ya biashara nitayaulizia. Lakini na wewe, si mlipokea? Mashahidi wapo, walipiga na vigelegele."

Alisema hivyo kwa upole uleule, na akatusindikiza mpaka njiani. Kwa mara ya kwanza nilimchukia mtu kwa moyo wangu wote.

Waliotuokoa walikuwa majirani walewale. Jioni walianza kuingia uani, kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani aliotoa jikoni kwake, wengine zile walizojiwekea kwa msimu wa mvua. Hawakuuliza kitu, maana kila mmoja aliwahi kupokea rundo lenye vyumba. Walikuwa wamenyamaza kwa aibu, kila mtu akidhani yeye peke yake ndiye mjinga. Makande yakaiva, nyama ikaiva, pilau la wakwe likanukia mpaka barabarani. Lakini mama aliacha sufuria moja ndogo juu ya mkaratusi, na alikataza mtu yeyote kuigusa.

Siku ya harusi balozi aliketi meza kuu pamoja na wakwe, kama cheo chake kilivyodai. Wakwe walikula, wakatazamana, wakakosa la kusema, na hiyo kwa watu wale ilikuwa sifa kubwa. Balozi aliletewa chakula chake na mama mwenyewe, sahani imejaa makande mpaka pembeni. Alitafuna mara moja akakoma. Maharage yaligonga meno kama kokoto, mpaka mkwe aliyekaa karibu akageuka kuangalia.

"Ni makande ya heshima hayo, balozi," mama akasema kwa sauti ya upole ambayo sikujua anayo. "Nimeyapika kwa kuni zako peke yake, sikuchanganya na za mtu."

Mkwe akauliza kama kiongozi hapendi chakula cha bibi harusi. Balozi akasema anakipenda sana, ndugu wananchi, akaanza kula. Mama alisimama pale amefunga mikono mpaka sahani ikawa tupu, kisha akamwongezea.